Kisanduku cha Rangi: Wamarekani Wanagombania Nini Mlangoni mwa Chuo?

Mwaka 2009 kijana mmoja wa New York aliketi kujaza fomu ya kuomba nafasi Chuo Kikuu cha Columbia. Alizaliwa Kampala. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, ni mmoja wa Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mama yake ni Mhindi wa India. Alipofika kwenye swali la asili akakuta visanduku. Akatia tiki kwenye "Muasia". Akatia tiki nyingine kwenye "Mweusi au Mmarekani mwenye asili ya Afrika". Kisha palipoachwa nafasi ya maelezo akaandika kwamba ni Mganda. Columbia haikumchukua, japo baba yake alikuwa akifundisha hapohapo.

Habari hiyo ingefia kwenye makabrasha, lakini Julai 2025 gazeti la New York Times likaichapisha, kwa kuwa kijana mwenyewe, Zohran Mamdani, alikuwa anagombea umeya wa jiji hilo. (Alishinda Novemba.) Alijibu kwamba hajihesabu mweusi, bali Mmarekani aliyezaliwa Afrika, na kwamba fomu za vyuo hazina kisanduku cha Mhindi wa Uganda. Wapinzani wake wakamwona mtu aliyejaribu kupita kwa mlango usio wake.

Ukiisoma habari hii ukiwa Upanga au Parklands unaweza kujiuliza kelele zote zile ni za nini. Mtu kataja alikozaliwa, basi. Lakini Marekani kisanduku kile kilikuwa na thamani. Kwa miaka zaidi ya 40, tiki kwenye baadhi ya visanduku iliweza kumsogeza mwombaji mbele, na tiki kwenye vingine, kwa madai ya walalamikaji, ilimrudisha nyuma. Juni 29, 2023 Mahakama ya Juu ikaifuta thamani hiyo, na mabishano hayajaisha. Mimi naona hayaishi kwa sababu Wamarekani wamekuwa wakibishana juu ya jambo ambalo sheria yao iliwakataza kulitaja kwa jina lake.

Tuanze na jina, maana hata sisi linatupiga chenga: kwa Kiingereza ni affirmative action, yaani kuwapa nafuu kwa makusudi watu wa makundi yaliyobaguliwa. Wapo wanaosema "upendeleo maalumu", wapo wanaosema "upendeleo chanya", na Mtanzania akitafuta mfano wa karibu atakutajia viti maalumu bungeni. Ila neno "upendeleo" lenyewe limeshahukumu: mwalimu mwenye upendeleo hajapata kusifiwa popote. Ukisema "usawazishaji", nalo lina upande wake, maana limeshakubali kwamba uwanja una mlima. Hapa nitatumia usawazishaji, msomaji akijua kwamba hakuna neno lisiloegemea.

Katika ukanda wetu jambo lenyewe si geni. Tangu mwaka 1990 Makerere iliwaongezea wasichana wote wanaoomba kuingia chuoni alama 1.5, ili kuziba pengo la kuwa wavulana ndio waliokuwa wakisomeshwa zaidi. Wengine waliipinga hatua hiyo, wengine wakaitetea, lakini hakuna aliyehitaji kuuliza inafanyaje kazi. Alama moja na nusu, kwa msichana, kwa sababu fulani. Marekani namba ya wazi kama hiyo, ikifungwa kwenye rangi ya mtu, imekuwa haramu vyuoni kwa miaka mingi. Kisa cha uharamu huo ndicho chanzo cha fundo.

Maneno affirmative action yaliingia kwenye amri ya Rais John F. Kennedy ya mwaka 1961, iliyohusu ajira za serikali na wakandarasi wake, si vyuo. Lakini aliyeyapa roho ni Lyndon Johnson. Juni 1965, akihutubia Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Wamarekani weusi jijini Washington, alisema huwezi kumchukua mtu aliyefungwa minyororo miaka na miaka, ukamfungua, ukamleta kwenye mstari wa kuanzia mbio, ukamwambia shindana na wenzako, halafu ukaamini moyoni kwamba umetenda haki. Hiyo ni lugha ya deni. Kuna aliyedhulumiwa, kuna kilichochukuliwa, na kuna wa kukirudisha.

Na deni halikuwa la kale. Heman Sweatt, mtu mweusi wa Texas, aliomba kusoma sheria katika chuo kikuu cha jimbo lake mwaka 1946. Alikataliwa kwa rangi yake, bila mtu kuona haya kusema hivyo. Alipoenda mahakamani, jimbo likaanzisha harakaharaka shule ya sheria ya weusi ili lisilazimike kumpokea. Mahakama ya Juu iliamuru achukuliwe mwaka 1950. Kwa hiyo vyuo vilipoanza kuwatafuta wanafunzi weusi kwa makusudi, mwishoni mwa miaka ya 1960, wazazi waliofungiwa mlango walikuwa hai, na watoto wao ndio waliokuwa na fomu mkononi.

Sasa aingie Allan Bakke. Mzungu, aliyewahi kuwa mwanajeshi, mhandisi wa NASA, umri umeshapita 30, anataka kuwa daktari. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis ilikuwa na nafasi 100 kwa mwaka, na 16 kati ya hizo zilitengewa waombaji wa makundi yaliyobaguliwa. Bakke aliomba mwaka 1973, akaomba tena 1974, akakataliwa mara zote mbili, ilhali alama zake zilikuwa juu ya za wengi walioingia kwa zile 16. Akashtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1978 majaji tisa wakagawanyika wanne kwa wanne. Wa tisa, Lewis Powell, ndiye aliyeamua nchi nzima iende vipi.

Powell alisema kutenga viti ni marufuku, na Bakke aingie. (Aliingia, akahitimu, akawa daktari wa usingizi Minnesota.) Akasema pia kwamba chuo kinaweza kuiangalia rangi kama jambo moja kati ya mengi. Watu wengi hukumbuka mambo hayo mawili. La tatu ndilo zito zaidi: alikataa katakata kwamba kulipa deni la ubaguzi wa jamii kwa jumla ni sababu halali. Bakke hakumbagua mtu. Kwa nini yeye ndiye alipe? Sababu pekee aliyoikubali ilikuwa mchanganyiko: kwamba wanafunzi wote hunufaika wakisoma na watu wa asili na maisha tofauti. Akatoa mfano kutoka maelezo ya Harvard yenyewe, kwamba kijana wa shambani Idaho huleta chuoni kitu ambacho mtu wa Boston hawezi kukileta, na mwanafunzi mweusi vivyo hivyo.

Jaji Thurgood Marshall, mweusi wa kwanza kukaa kwenye mahakama hiyo, aliandika peke yake, na hasira yake inasomeka hadi leo. Hakuamini kwamba Katiba ileile iliyoruhusu ubaguzi wa kila namna kwa sehemu kubwa ya miaka 200 sasa ndiyo igeuke ukuta pale jimbo linapojaribu kuondoa athari zake.

Hoja ya Marshall haikupata kura za kutosha. Tangu siku hiyo, chuo kilichotaka kumchukua mtoto mweusi kwa sababu babu yake alifungiwa mlango hakikuruhusiwa kusema hivyo. Kilitakiwa kusema mtoto huyu analeta ladha. Nakuomba utafakari tofauti ya maneno haya mawili. Deni lina mdai na mdaiwa, na lina siku ya kwisha. Ladha haina mdai. Anayenufaika nayo ni mlaji. Iliki haiwekwi kwenye pilau kwa sababu iliki ilidhulumiwa.

Mengi ya yaliyofuata yametoka hapo.

Watoto wetu

Kwanza, nani hasa anachukuliwa? Kama ni deni la utumwa na la sheria za ubaguzi za Marekani, wenye kudai wanajulikana. Kama ni ladha, mtoto wa daktari wa Nairobi aliyehamia Houston ni mweusi vilevile, na huenda habari zake zikavutia zaidi. Kwenye mkutano wa wahitimu weusi wa Harvard ulioripotiwa na New York Times mwaka 2004, maprofesa Henry Louis Gates na Lani Guinier waliinua jambo ambalo watu walikuwa wakilinong'ona: weusi walikuwa kiasi cha asilimia 8 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, na zaidi ya nusu yao, pengine hata theluthi mbili, walikuwa wahamiaji kutoka Afrika na visiwa vya Karibi, au watoto wa wahamiaji hao, na kwa kiasi kidogo watoto wa ndoa za mchanganyiko. Wenye mabibi na mababu wanne waliozaliwa Marekani, wajukuu wa watumwa, walikuwa kama theluthi tu.

Kwa familia za Waswahili walioko Ohio au Minnesota hili si la kusoma gazetini tu. Mtoto wa mzazi wa Mombasa anatia tiki kwenye kisanduku kilekile cha mtoto ambaye ukoo wake ulichuma pamba Mississippi. Je, kamdhulumu? Kwa sheria ya Powell, hapana. Kwa roho ya hotuba ya Johnson, suala linahitaji mjadala. Na ukitaka kuona visanduku vinavyoyumba, mchukue mtoto wa Kimanga, wazazi wake wamezaliwa Unguja na mababu wametoka Muscat. Kwa ufafanuzi wa serikali ya Marekani wa mwaka 1997, mwenye asili ya Mashariki ya Kati ni mzungu. Ndiyo, mzungu. Kisanduku cha watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kiliidhinishwa mwaka 2024 tu. Jaji Neil Gorsuch alivicheka visanduku hivi kwenye hukumu ya 2023: cha "Muasia" kinawakusanya Wachina, Wahindi, Wafilipino na wengine hadi kufikia kiasi cha asilimia 60 ya watu wa dunia nzima.

Barack Obama, mtoto wa Mjaluo, aliulizwa mwaka 2007, kabla hajawa rais, kama mabinti zake wapewe nafuu ya rangi wakiomba chuo. Akajibu kwamba wanaopokea maombi pengine wawachukulie kama watoto waliokwisha kupata nafuu kubwa maishani. Jibu la kiungwana, na pia la hatari kwa upande wake, maana linakubali kwamba kisanduku kinawasomba hata wasiohitaji.

Kilicho wazi ni haramu

Pili, kwa kuwa mizani ya wazi imekatazwa, mizani imehamia gizani. Chuo Kikuu cha Michigan kilikuwa na utaratibu ambao mtu yeyote angeuelewa: jumla alama 150, ukifikisha 100 unaingia. Mwombaji kutoka kundi lenye uwakilishi mdogo alipewa 20. Mwanamichezo aliyeitwa na chuo, 20. Aliyepata alama kamili za SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni, 12. Mtoto wa mhitimu, 4. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu iliutupilia mbali utaratibu huo. Siku hiyohiyo ikaubariki ule wa shule ya sheria ya chuo hichohicho, ambayo nayo iliangalia rangi, ila "kwa kumtazama mtu mzima mzima", bila namba. Jaji Ruth Bader Ginsburg alisema waziwazi kwamba kama ukweli ndio sera bora, utaratibu uliotangazwa hadharani ni afadhali kuliko kufikia matokeo yaleyale kwa kukonyezana.

Siku hiyo pia Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwamba anatarajia baada ya miaka 25 hatua hizi zisihitajike. Yaani 2028. Mahakama haikuisubiri.

Tatu, na hapa ndipo moto ulipowaka, ladha ikizidi huharibu pilau. Katika lugha ya deni, Wamarekani wenye asili ya Asia ni watu wa pembeni tu. Katika lugha ya mchanganyiko wanageuka wengi mno, bizari iliyomwagika sufuriani. Edward Blum, mtu wa mikakati asiye mwanasheria, aliyekuwa akipambana na Chuo Kikuu cha Texas katika kesi ya binti wa kizungu, Abigail Fisher, ambayo alikuja kushindwa mwaka 2016, aliliona pengo hilo. Novemba 2014 jumuiya aliyoianzisha ikaishtaki Harvard kwa niaba ya waombaji wenye asili ya Asia, na chuo kikuu cha North Carolina pamoja nayo.

Kesi ilisikilizwa Boston Oktoba 2018, na faida yake kubwa kwa sisi watazamaji ni kwamba jiko la Harvard lilifunguliwa. Mwaka mmoja wa maombi waliofikiriwa walikuwa zaidi ya 35,000 kwa nafasi kama 1,600. Zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili wa masomo. Waliopata alama kamili za hisabati kwenye SAT walikuwa 3,400. Maana yake, ukitaka kujaza chuo kwa wenye hisabati isiyo na kosa hata moja, nafasi zitakwisha na foleni itabaki ndefu kuliko walioingia. Wanaosema "mchukueni mwenye akili zaidi" huwa hawajaiona hesabu hiyo.

Basi kila faili lilisomwa na kupewa alama kuanzia 1, ya juu, hadi 6: ya masomo, ya shughuli za nje ya darasa, ya michezo, na ya "utu". Kamati ya watu 40 ilipiga kura. Mwisho kabisa, ikionekana waliokubaliwa wamezidi, ilitengenezwa orodha ya kupunguza, na kwenye orodha hiyo kila mwombaji alibaki na mambo manne tu: kama mzazi wake alisoma hapo, kama ni mwanamichezo aliyeitwa, kama anastahili msaada wa ada, na rangi yake. Mwaka mzima wa kumtazama mtu mzima mzima, kisha safu nne.

Alama ya utu ndiyo iliyouma. Wenye asili ya Asia walikuwa na alama bora za masomo, lakini ofisi ya udahili iliwapa, kwa wastani, alama za chini za utu: ucheshi, ujasiri, kupendeka. Maofisa wengi hawakuwa wamekutana na watoto wenyewe. Wahitimu wa zamani, waliokaa nao ana kwa ana kwa mahojiano, waliwaona sawa na wazungu. Jaji wa Boston alisema mwaka 2019 kwamba hakuona ubaguzi wa kukusudia, na mahakama ya rufaa ikakubali. Lakini mzazi wa Kichina anayeuza chakula Queens na kumpeleka mwanawe tuisheni kila Jumamosi atakuelewa vipi ukimwambia kwamba mwanawe ana alama zote isipokuwa za kupendeka?

Aibu zaidi ni kwamba Harvard ilikwisha kupita njia hiyo. Miaka ya 1920 rais wake, Abbott Lawrence Lowell, aliona Wayahudi wamepita asilimia 20 ya wanafunzi na akataka kikomo cha 15. Walimu walipokataa kikomo cha wazi, fomu ikabadilika: picha, maswali ya ukoo, na kipimo kipya kilichoitwa tabia. Wayahudi wakapungua. Kumtazama mtu mzima mzima, kunakosifiwa leo kama ubinadamu, kulizaliwa humo.

Na kuna mlango mwingine ambao kesi ilikuwa inaupita huku inauona. Uchunguzi wa wachumi waliotumia data za kesi hiyo, akiwemo Peter Arcidiacono aliyekuwa shahidi wa walalamikaji, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 43 ya wazungu waliokubaliwa walikuwa wanamichezo walioitwa, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au majina ya orodha ya mkuu wa udahili, ambako wafadhili hawakosi. Kwa weusi, Walatino na wenye asili ya Asia ilikuwa chini ya 16. Robo tatu ya wazungu hao wasingeingia bila nafuu hiyo. Michezo yenyewe si ya kukimbiza mpira mtaani tu. Kuna kupiga makasia, vitara, mashua za tanga. Mtoto wa Lamu anajua tanga tangu hajaota meno ya pili, ila si tanga la aina hiyo.

Utaniambia: basi upendeleo wa matajiri ndio ungeshtakiwa. Haukushtakiwa kwa sababu Marekebisho ya 14 ya Katiba, kama mahakama zinavyoyasoma, ni makali juu ya rangi na hayasemi kitu juu ya mfuko wa baba.

Mlango mmoja, majaji wawili

Hukumu ya Juni 2023 iliandikwa na Jaji Mkuu John Roberts: sita kwa watatu dhidi ya North Carolina, sita kwa wawili dhidi ya Harvard, Jaji Ketanji Brown Jackson akiwa amejitoa kwa sababu ya uhusiano wake na chuo hicho. Hoja ya Roberts ni nyoofu: kuondoa ubaguzi wa rangi ni kuuondoa wote. Nafasi chuoni ni chache, unayempa mmoja kwa rangi umemnyima mwingine kwa rangi. Alitoa takwimu ngumu kuijibu: mwombaji mweusi aliye katika fungu la nne kutoka chini, kati ya mafungu kumi, kimasomo alikuwa na nafasi ya asilimia 12.8 kuingia Harvard. Mwenye asili ya Asia aliye fungu la juu kabisa, 12.7.

Jackson alijibu kwamba kuitangaza rangi kuwa haina maana kisheria hakuifanyi ikose maana maishani. Akaweka mfano wa vijana wawili wa North Carolina: John, ambaye angekuwa kizazi cha saba cha ukoo wake kuhitimu hapo, na James, ambaye ukoo wake uko jimboni miaka hiyohiyo ila hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwa sababu ya rangi. Kwa sheria mpya John aweza kuhesabiwa ukoo wake, James je? Hapo deni limerudi mlangoni kwa jina lake, miaka 45 baada ya Powell kulifukuza.

Lakini sura iliyonikaa ni ya majaji wengine wawili, Clarence Thomas na Sonia Sotomayor. Wote wametoka kwenye ufukara, Thomas Georgia vijijini, Sotomayor Bronx katika familia ya Puerto Rico. Wote walipita shule moja ya sheria, Yale, katika miaka ya 1970, wakati usawazishaji umeshika kasi. Sotomayor hujiita kwa fahari zao la utaratibu huo. Anasema ulimfungulia mlango, na alipokwisha ingia alijithibitisha kwa kazi. Thomas amesimulia kwamba alipotafuta kazi, kila kampuni ilidhani shahada yake ni ya huruma, hata akabandika kwenye fremu yake kibandiko cha bei cha senti 15 alichokibandua kwenye pakiti ya sigara nene. Mmoja aliandika kuunga mkono hukumu, mwingine akaandika kuipinga. Ushahidi wa maisha, kumbe, haumalizi hoja.

Kuna wanaosema mtoto aliyeingizwa juu ya uwezo wake huzama. Data za California zilizochambuliwa na Zachary Bleemer baada ya jimbo kupiga marufuku usawazishaji mwaka 1996 zinaonyesha kinyume: weusi na Walatino walisukumwa kwenye vyuo vya chini, wakahitimu wachache zaidi, na mishahara, hasa ya Walatino, ikapungua. Nadharia ya kuzama mimi nimeiweka kando.

Suala la "kwa nini wasitumie umaskini" ni gumu kidogo kuliko linavyosikika. Mshahara hausemi yote. Mwaka 2022 familia ya kizungu ya katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000, ya weusi dola 44,900. Wawili wanaweza kupokea mshahara sawa, mmoja akiwa na nyumba aliyorithi kutoka kwa babu aliyekopeshwa na benki, mwingine akipanga kwa sababu babu yake alinyimwa mkopo kwa kuishi mtaa wa weusi. Na kwa idadi, wazungu maskini ni wengi, hivyo kipimo cha umaskini peke yake hakirudishi rangi ileile. Texas ilijaribu ujanja mwingine mwaka 1997: kila mwanafunzi wa asilimia 10 ya juu katika shule yake ya sekondari aingie chuo cha jimbo. Ulifanya kazi kiasi, kwa sababu moja ya kusikitisha: shule zenyewe zimegawanyika kwa rangi. California, baada ya chuo kikuu chake kutumia fedha nyingi kutafuta wanafunzi bila kutaja rangi, iliuliza wapigakura mwaka 2020 kama waruhusu tena. Jimbo hilo ni ngome ya Democrat, na bado asilimia 57 walikataa.

Matokeo ya miaka ya kwanza hayafanani. MIT mwaka 2024 weusi walishuka hadi asilimia 5 kutoka kama 13, na Amherst hadi 3 kutoka 11. Yale na Princeton mwaka huo karibu hakukubadilika kitu. Harvard walishuka hadi 14, kisha mwaka uliofuata 11.5. Waliodhani ukiondoa tiki vyuo vyote vitabadilika namna moja wamekosea, na waliodhani hakuna kitakachobadilika wamekosea pia.

Roberts aliacha tundu. Mwombaji akieleza kwa maandishi yake jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, chuo kinaweza kukisoma hicho, mradi kimhukumu kama mtu mmoja na si kama rangi. Vyuo vikalikimbilia. Sarah Lawrence kilifikia kunukuu maneno ya hukumu yenyewe ndani ya swali la insha. Kwa hiyo kijana wa miaka 17 ambaye zamani angetia tiki na kwenda zake sasa anatakiwa kukaa usiku aandike majeraha yake kwa maneno 200 au 300, yawe ya kweli, yavutie, na yaishie vizuri. Kama wazazi wake ni watu wa kuficha ya nyumbani, kama wengi wetu tulivyolelewa, atapata taabu hasa.

Kisanduku chenyewe hakijaondoka. Fomu ya pamoja inayotumiwa na mamia ya vyuo bado inauliza asili. Tangu Agosti 2023 chuo kinaweza kuamuru jibu lifichwe ili msomaji wa faili asilione. Halafu Agosti 2025 Rais Donald Trump akatia saini agizo la kutaka vyuo vitoe takwimu za waombaji na waliokubaliwa kwa rangi, ili serikali ihakikishe kwamba rangi haikutazamwa. Mtoto anatia tiki, kompyuta inaificha. Nafasi zikishajaa, ofisini mtu anaifunua na kuanza kuhesabu.